Undugu kwa Viza: Jinsi Wakorea wa Ughaibuni Walivyorudi Kufanya Kazi Nchi ya Mababu

Mnamo Machi 4, 2007, Korea Kusini ilianza kutoa viza mpya yenye alama ya H-2. Haikuwa viza ya mtalii, wala ya mwanafunzi, wala ya mwekezaji. Ilikuwa ya mtu mwenye asili ya Kikorea, raia wa China, Uzbekistan, Kazakhstan, Urusi au mojawapo ya nchi jirani, mwenye umri usiopungua miaka 25, aliyetaka kufanya kazi za mikono katika nchi ambayo mababu zake waliihama. Wakati huo Mkorea aliyezaliwa Los Angeles alikuwa na viza yake, F-4, kwa zaidi ya miaka saba. Aliingia Seoul, akakaa, akanunua nyumba, akafungua biashara. Wote wawili serikali iliwaita ndugu, lakini haikuwakaribisha sawa.

Tofauti hiyo haikuanzia kwenye meza ya afisa uhamiaji. Ilianza na njaa, ikakuzwa na vita, ikaandikwa kwenye sheria, kisha ikaanza kufutwa kidogokidogo pale viwanda na mashamba ya Korea yalipokosa watu.

Waliovuka mito, 1860–1945

Mito ya Tumen na Yalu ndiyo mpaka wa kaskazini wa rasi ya Korea. Kwa muda mrefu ufalme wa Joseon ulikataza raia wake kuivuka, na dola ya Qing nayo ilizuia watu kwenda kulima upande wa Manchuria. Njaa haikusikia amri ya mfalme yeyote. Katika miaka ya 1860, na zaidi baada ya mavuno kuharibika mkoani Hamgyong mwaka 1869, familia nzima zilivuka na kuanza kulima ng'ambo. Baadhi zilikwenda mbali zaidi, hadi Mashariki ya Mbali ya Urusi, eneo ambalo Tsar alikuwa amelichukua kutoka kwa China na ambalo lilikuwa na watu wachache.

Japani ilipoitwaa Korea mwaka 1910, sababu za kuhama ziliongezeka. Wapo waliopoteza mashamba, na wapo waliokwenda Manchuria na Vladivostok kuendesha mapambano dhidi ya mkoloni. Baada ya Japani kuunda dola kibaraka ya Manchukuo mwaka 1932, yenyewe ilianza kuwapeleka wakulima wa Kikorea huko, wengi wao kutoka mikoa ya kusini. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Manchuria ilikuwa na Wakorea wanaokaribia milioni mbili. Karibu nusu yao walirejea. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, ndio mababu wa Wakorea wa China, wanaojulikana kama Joseonjok.

Waliokuwa Urusi yaliwafika makubwa zaidi. Agosti 1937 Stalin na Molotov walitia saini amri ya kuwahamisha Wakorea wote wa Mashariki ya Mbali, kwa madai kwamba Wajapani wangewatumia kama majasusi. Katika muda wa miezi michache watu takriban 172,000 walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Kazakhstan na Uzbekistan. Wengi, hasa watoto na wazee, walikufa njiani au katika majira ya baridi ya kwanza. Mmoja wa waliohamishwa alikuwa Hong Beom-do, jemadari aliyewashinda Wajapani huko Bongo-dong mwaka 1920. Alimalizia maisha yake mjini Kyzylorda, akilinda jumba la maonyesho la Wakorea, na akafariki mwaka 1943. Kizazi chake na watoto wao walijiita Koryo-saram. Shule zao zilibadilishwa kuwa za Kirusi, na baada ya vizazi viwili wengi walikuwa wamebaki na majina ya ukoo na vyakula vya Kikorea huku lugha yenyewe ikiwaponyoka.

Kulikuwa pia na waliokwenda upande mwingine wa dunia. Januari 1903 meli ya Gaelic ilishusha Honolulu Wakorea 102, wa kwanza kuajiriwa katika mashamba ya miwa ya Hawaii. Hao na waliowafuata walikuwa wachache kuliko wa Manchuria, lakini walikuwa upande ambao baadaye ungeshinda Vita Baridi. Hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa kuliko walivyodhani.

Mpaka uliofungwa, 1945–1987

Jamhuri ya Korea, yaani Korea Kusini, ilitangazwa Agosti 15, 1948. Tarehe hiyo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa miaka hamsini baadaye ndiyo iliyotumika kutenganisha ndugu na ndugu. Aliyehama baada ya hapo alikuwa ameacha nchi yenye pasipoti na rejesta za serikali hiyo. Aliyehama kabla ya hapo alikuwa ametoka Joseon, au katika koloni la Japani, nchi ambazo hazikuwapo tena.

Vita vya Korea vya mwaka 1950 hadi 1953 vilifunga mlango kabisa. China ilipigana upande wa Kaskazini, na vijana wengi wa Kikorea kutoka Manchuria walikuwamo vitani. Serikali ya Beijing iliwatambua Wakorea wake kama mojawapo ya makabila madogo ya taifa, na mwaka 1952 ikaanzisha eneo lenye utawala wa ndani la Yanbian, mpakani mwa Korea Kaskazini. Huko Wakorea walikuwa zaidi ya asilimia 60 ya wakazi, wakiwa na shule, magazeti na chuo kikuu chao. Lugha ilihifadhiwa, lakini barua kwenda Seoul haikupita.

Katika miongo hiyohiyo Korea Kusini ilikuwa ikisafirisha watu wake. Wachimbaji wa makaa ya mawe na wauguzi walikwenda Ujerumani Magharibi kuanzia miaka ya 1960. Sheria mpya ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1965 ilifungua njia kwa mamia ya maelfu. Hawa waliondoka na pasipoti za Korea Kusini, wakaacha ndugu wanaojulikana na majina yaliyomo kwenye rejesta. Wengine walirudi kutembea wakiwa na dola mfukoni. Kwa hiyo mtu wa Seoul alipotaja Wakorea wa nje, picha iliyomjia ilikuwa ya mjomba wa Marekani, si ya binamu wa Manchuria.

Dawa za mitishamba na anwani za zamani, 1988–1992

Michezo ya Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988 ndiyo iliyogeuza mambo. Rais Roh Tae-woo alikuwa akitafuta urafiki na nchi za kikomunisti. Uhusiano wa kibalozi na Moscow ulianza Septemba 1990, na ule wa Beijing Agosti 24, 1992. Hata kabla ya hapo Wakorea wachache wa China walikuwa wamekwisha kuanza kuja kwa mialiko ya jamaa, baada ya barua na vipindi vya redio kusaidia familia zilizotengana kupatana.

Walikuja na mizigo ya dawa za mitishamba za Kichina, pembe za paa na vidonge vya kienyeji, wakazitandaza kwenye vijia vya Seoul. Mwanzoni wanunuzi waliwahurumia kama ndugu waliotoka mbali. Soko lilipojaa na baadhi ya dawa kutiliwa shaka, biashara ilikufa. Hata hivyo wageni hao walikuwa wamegundua jambo lililokuwa na thamani kuliko dawa: kibarua wa ujenzi mjini Seoul alipata kwa mwezi fedha ambazo Yanbian zilihitaji mwaka au zaidi.

Nayo Korea ilikuwa na shida yake. Baada ya vuguvugu la demokrasia la mwaka 1987 mishahara ilipanda, vijana walisoma, na viwanda vidogo vya kuyeyusha chuma, kutia rangi na kushona havikupata watu. Kazi hizo chafu, ngumu na za hatari zilihitaji mikono. Mkorea wa China alikuwa nayo, na juu ya hayo alizungumza lugha ya msimamizi. Wengi waliingia kwa viza za kutembelea jamaa, muda ukaisha, wakabaki.

Wanagenzi wasiofundishwa, 1993–1998

Serikali haikutaka kusema wazi kwamba inaagiza vibarua. Ilianzisha mpango wa mafunzo ya viwandani, kwanza mwaka 1991 kwa makampuni yaliyowekeza nje, kisha mwishoni mwa 1993 ikaupanua kwa viwanda vidogo na vya kati. Kwa karatasi, mtu aliyetoka China, Nepal, Vietnam au Uzbekistan alikuja kujifunza ufundi. Kwa vitendo alifanya kazi ya mtu mzima kwa posho ya mwanafunzi. Kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa mfanyakazi, sheria ya kazi ilimlinda kidogo sana. Waajiri wengi walishika pasipoti za wanagenzi ili wasitoroke. Januari 1995 kundi la wanagenzi kutoka Nepal liliketi mbele ya Kanisa Kuu la Myeongdong jijini Seoul kulalamikia vipigo na mishahara isiyolipwa, na umma ukaanza kuona kilichokuwa kikitendeka.

Mkorea wa China alipita katika mlango huohuo na mgeni yeyote. Undugu haukumpa nafuu. Ulimpa lugha ya kutafutia kazi nyingine baada ya kutoroka kiwandani. Na kabla ya hata kufika, alikuwa amekwisha kuwalipa madalali. Familia za Yanbian zilikopa kwa riba kubwa, ziliuza ng'ombe na nyumba, nyingine zikatapeliwa zisipate viza wala fedha. Wanawake wengine waliolewa na wakulima wa Kikorea waliokosa wachumba vijijini. Kabla ya sheria ya uraia kubadilishwa mwaka 1998, mke mgeni wa Mkorea alipata uraia kwa ndoa yenyewe, hivyo ndoa za kweli na za karatasi zilichanganyika, na wake wote wakatazamwa kwa jicho la shaka.

Agosti 1996 chuki iliyokuwa ikichemka chini ilimwagika baharini. Kwenye meli ya uvuvi wa jodari ya Pescamar 15, katika Bahari ya Pasifiki, mabaharia sita wa Kikorea kutoka China waliasi na watu 11 wakauawa, wakiwemo nahodha na maafisa wa Korea Kusini. Mahakama ya kwanza iliwahukumu kifo wote sita. Katika rufaa walitetewa na wakili wa Busan, Moon Jae-in, aliyekuja kuwa rais wa nchi mwaka 2017. Watano walipunguziwa adhabu hadi kifungo cha maisha. Kesi ile iliweka wazi jinsi mabaharia hao walivyokuwa wakipigwa na kudhalilishwa. Vilevile iliacha sifa mbaya ambayo Wakorea wa China waliibeba kwa miaka mingi.

Sheria iliyochagua ndugu, 1999–2004

Mwishoni mwa 1997 uchumi wa Korea ulianguka na Shirika la Fedha la Kimataifa likaitwa. Serikali ya Rais Kim Dae-jung ilihitaji mtaji, na macho yakaelekea kwa Wakorea matajiri wa nje. Rasimu ya kwanza ya sheria ya Wakorea wa ughaibuni ililenga kila mwenye asili ya Kikorea. China haikufurahia kuona nchi nyingine ikiwatungia sheria raia wake, na ndani ya Korea kwenyewe zilikuwapo hofu za kidiplomasia na za soko la ajira.

Sheria iliyopitishwa Agosti 1999 ilitatua mvutano huo kwa kalenda. Mkorea wa ughaibuni, ilisema, ni yule aliyewahi kuwa raia wa Jamhuri ya Korea, pamoja na kizazi chake. Kwa kuwa jamhuri ilizaliwa 1948, waliohama kabla ya hapo walibaki nje. Kwa mstari mmoja wa maneno, watu wapatao milioni mbili wa China na takriban nusu milioni wa nchi za uliokuwa Muungano wa Kisovieti waliondolewa kwenye familia. Waliobaki ndani walipata viza ya F-4: ukaazi wa miaka miwili unaohuishwa, ruhusa ya kumiliki ardhi, huduma za benki na bima ya afya, na uhuru wa kufanya kazi karibu yoyote isipokuwa ya kibarua.

Wakorea wa China waliokuwa Seoul, pamoja na makanisa na mawakili waliowaunga mkono, walifanya mgomo wa kula na kwenda Mahakama ya Katiba. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kujibu. Waliohama kabla ya 1948 ndio waliokimbia njaa na ukoloni, na miongoni mwao walikuwamo wapigania uhuru. Itakuwaje taifa limkumbatie aliyehamia Marekani kutafuta maisha na limkane mjukuu wa aliyekufa akilipigania? Novemba 29, 2001, mahakama iliamua kwamba ubaguzi huo haupatani na Katiba, ikalipa bunge hadi mwisho wa 2003 kurekebisha.

Katika kusubiri, serikali ilitafuta njia za katikati. Desemba 2002 iliwaruhusu Wakorea wa nje wenye jamaa nchini na umri wa miaka 40 au zaidi kufanya kazi katika mikahawa, usafi na uangalizi wa wagonjwa. Wakati huo wafanyakazi wa kigeni wasio na vibali walikuwa karibu 290,000, na Wakorea wa China walikuwa sehemu kubwa yao. Msako mkubwa ulipotangazwa mwishoni mwa 2003, maelfu waliwasilisha maombi ya uraia kwa pamoja na wengine wakagoma kula makanisani. Rais Roh Moo-hyun mwenyewe aliwatembelea wagomaji.

Marekebisho yalipita mapema 2004, na kwa maandishi kila aliyehama kabla ya 1948 akawa ndugu. Hata hivyo kile kilichotolewa na sheria kilizuiwa na kanuni. Mwombaji wa F-4 kutoka China au nchi za Kisovieti alitakiwa kuthibitisha kwamba hatafanya kazi za kibarua; wa Marekani au Japani hakuulizwa. Mkulima wa Yanbian hakuwa na uthibitisho wa kutoa, kwa kuwa kibarua ndicho hasa alichokifuata.

Viza ya H-2, 2007

Mwaka huohuo wa 2004 mfumo wa vibali vya ajira kwa wageni ulianza kuchukua nafasi ya ule wa wanagenzi. Mgeni sasa alikuwa mfanyakazi mbele ya sheria, lakini alifungwa kwa mwajiri mmoja na kuhama kwake kulikuwa na masharti magumu. Kwa Wakorea wa China na Asia ya Kati kulihitajika kitu kilicho zaidi ya kibali hicho na pungufu ya F-4. Hicho ndicho kilichoitwa viza ya kutembelea na kufanya kazi, H-2.

Masharti yake yalionyesha mawazo ya walioiandika. Ilidumu miaka mitano, mwenye nayo akiingia na kutoka apendavyo, na mwanzoni aliweza kukaa hadi miaka mitatu mfululizo. Aliruhusiwa kazi katika sekta 32: viwanda, ujenzi, kilimo, uvuvi, mikahawa, kazi za nyumbani, uangalizi wa wagonjwa. Mwenye jamaa nchini aliomba moja kwa moja. Asiye na jamaa alifanya mtihani wa Kikorea, kisha akaingia kwenye bahati nasibu ya kompyuta, kwa kuwa nafasi zilikuwa na ukomo. Hapo Koryo-saram wengi walikwama, maana lugha waliyotakiwa kuonyesha ndiyo ile waliyonyang'anywa Kazakhstan.

Akishafika, mhusika alihudhuria mafunzo mafupi ya ajira na kujiandikisha. Mwajiri alihitaji cheti kinachoonyesha kwamba ametafuta Mkorea wa nchini asimpate. Faida kubwa ilikuwa moja: mwenye H-2 aliweza kumwacha mwajiri mbaya na kwenda kwa mwingine, akitoa taarifa tu. Kwa mtu aliyewahi kunyimwa mshahara na kushikiliwa pasipoti, huo ulikuwa uhuru wa kweli. Nao madalali walipoteza sehemu kubwa ya riziki yao.

Watu walikuja kwa wingi hivi kwamba serikali ilishtuka. Msukosuko wa uchumi duniani wa 2008 ulipoanza, vibarua wa Kikorea wa ujenzi walilalamika kwamba nafasi zinachukuliwa. Mwaka 2009 usajili maalumu uliwekwa kwa wenye H-2 waliotaka kazi za ujenzi, na kuanzia 2010 jumla ya watu wa viza hiyo ikawekewa kikomo cha 303,000. Idadi ilikuwa imekwisha kufika hapohapo.

Gharama ya kazi hizo ilionekana Januari 7, 2008, ghala la baridi lililokuwa likijengwa Icheon lilipolipuka na kuungua. Watu 40 walikufa, na zaidi ya kumi kati yao walikuwa Wakorea wa China, baadhi wakiwa wa ukoo mmoja.

Ngazi ya kupanda F-4, 2010–2019

Baada ya miaka michache serikali iligundua kwamba haifai kumwondoa mtu aliyekwisha jua kazi ili amlete mgeni asiyejua. Ikaanza kutoa F-4 kama tuzo. Aliyedumu kwa mwajiri mmoja kiwandani au shambani, hasa mikoani kulikokosa watu, aliweza kubadilisha viza. Kuanzia 2012 cheti cha ufundi kilikuwa njia nyingine, na madarasa ya jioni ya kufundisha ufundi wa vyakula, ukarabati na uchakataji wa data yakajaa wafanyakazi waliotoka kazini wamechoka. Wahitimu wa vyuo na wazee wa miaka 60 na zaidi walifunguliwa pia.

Ngazi hiyo ilikuwa na kasoro ambayo kila mtu aliijua. F-4 bado ilikataza kazi za kibarua. Aliyejitahidi akaipata alikuwa na haki ya kukaa, kuhuisha na kuleta familia, lakini kisheria hakutakiwa kubeba zege wala kuosha vyombo. Wengi waliendelea na kazi zilezile kimyakimya.

Hata viza hiyo ya juu haikuwa wazi kwa kila tajiri. Mwanamuziki Yoo Seung-jun, aliyechukua uraia wa Marekani mwaka 2002 kabla ya kuingia jeshini, alipigwa marufuku kuingia nchini. Aliomba F-4 mwaka 2015 akakataliwa, akashinda mara mbili Mahakama ya Juu, mwaka 2019 na 2023, na bado hakupewa. Mnamo 2018 masharti ya umri yalikazwa kwa wanaume wanaoacha uraia bila kutumikia jeshi. Taifa lilimpima mkulima wa Yanbian kwa kazi yake, na msanii wa Los Angeles kwa bunduki aliyoikwepa.

Tatizo la mwisho la kipindi hiki lilikuwa la vizazi. Sheria ilimtambua Mkorea wa nje hadi mjukuu tu. Kitukuu aliyeletwa Ansan au Gwangju akiwa mtoto, akasoma shule ya Kikorea, alipofika utu uzima aligeuka mgeni na kutakiwa kuondoka, ilhali wazazi wake wana haki ya kubaki. Koryo-saram waliumia zaidi kwa sababu mababu zao walihama mapema kuliko wote. Mwaka 2017 waliruhusiwa kubaki kwa muda, na Julai 2, 2019 kanuni mpya iliondoa ukomo wa vizazi.

Kilichobaki Yanbian na kilichojengwa Seoul

Katika miaka hiyo ramani mbili zilibadilika. Fedha zilizotumwa kutoka Korea zilijenga nyumba mpya mjini Yanji, lakini vijiji vilibaki na wazee na watoto. Wapo waliolelewa na bibi tangu wakiwa wachanga hadi kumaliza shule, wakiwajua mama na baba kwa sauti ya simu. Shule za Kikorea zilifungwa kwa kukosa wanafunzi. Wakorea, waliokuwa zaidi ya asilimia 60 ya wakazi wa Yanbian mwaka 1952, sasa ni takriban asilimia 30. Katika sensa ya China ya mwaka 2000 walikuwa zaidi ya milioni 1.9, mwaka 2020 walikuwa karibu milioni 1.7. Uzazi mdogo na kuhamia miji ya pwani ya China vimechangia, lakini viza za Korea zina fungu lake.

Upande wa pili, mitaa ya Garibong na Daerim, kusini magharibi mwa Seoul, ilipata mabango ya Kichina, wauza mishikaki ya kondoo na ofisi za kutafutia kazi. Koryo-saram walijenga mitaa yao Ansan, Incheon na Wolgok huko Gwangju. Filamu zilizoonyesha Daerim kama pango la wahalifu zilivuta watazamaji na kuwaudhi wakazi, waliokwenda mahakamani kudai wasafishiwe jina. Nyuma ya picha hizo za majambazi, hospitali za Seoul zilikuwa zikiwategemea wanawake wa mitaa hiyo kuwageuza na kuwalisha wagonjwa usiku kucha.

Tangu 2020

Janga la korona lilipofunga mipaka, wenye H-2 walipungua kutoka zaidi ya 220,000 mwaka 2019 hadi chini ya 160,000 mwaka uliofuata. Wenye F-4 waliendelea kuongezeka, wakapita 500,000. Viza iliyobuniwa kwa ajili ya vibarua ilikuwa ikizidi kuachwa na vibarua wenyewe. Serikali nayo ililegeza: mwaka 2023 wenye H-2 waliruhusiwa kazi zote za huduma isipokuwa zilizokatazwa kwa jina, na wenye F-4 wakafunguliwa baadhi ya kazi za hoteli na mikahawa. Mikoa inayokimbiwa na watu iliruhusiwa kuwavutia kwa masharti nafuu. Juni 2023 shirika la serikali la Wakorea wa ughaibuni lilifunguliwa Incheon, na mazungumzo ya kuziunganisha viza hizo mbili yakashika kasi.

Kati ya matukio ya miaka hii, mawili yanapima umbali uliokwisha kutembewa. Agosti 2021 mabaki ya Hong Beom-do yaliletwa kutoka Kyzylorda kwa ndege, yakipokewa na Rais Moon Jae-in kwa heshima zote za kijeshi. Miaka mitatu baadaye, Juni 24, 2024, kiwanda cha betri mjini Hwaseong kiliungua na watu 23 wakafariki. Kumi na saba walikuwa raia wa China, wengi wao Wakorea kwa asili, na wengi wakiwa na F-4, ile viza ya heshima. Walikuwa wafanyakazi wa muda walioletwa na wakala, na siku ile wengi hawakujua pa kutokea.

Waswahili husema undugu ni kufaana, si kufanana. Kwa miaka zaidi ya thelathini Wakorea wa China na Asia ya Kati wameifaa Korea Kusini: wamejenga maghorofa yake, wamelea watoto wake, wamewauguza wazee wake. Korea imewafaa kwa kiasi cha uhaba wake wa wafanyakazi, ikifungua mlango pale ilipopungukiwa na kuurudishia iliposhiba. Kila haki waliyo nayo leo, kuanzia hukumu ya 2001 hadi kanuni ya 2019, ilipatikana kwa mgomo, kesi au upungufu wa watu viwandani; hakuna iliyotolewa kwa sababu ya damu peke yake. Nchi yoyote inayofikiria kuwaita wana wake wa nje ijiulize swali hili kabla ya kuandika sheria: inawaita ndugu, au inaita mikono?